Bahasha ya Kumi Haitetemeshi Mkono

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu. Wengine mmeniuliza kama naumwa. Sijambo kabisa. Kuna jambo moja lilinikwama, nikataka kwanza nilimalize mwenyewe kichwani ndipo nilete hapa. Sijalimaliza, ila nimechoka kulibeba peke yangu. Basi leo nalitua.

Jambo lenyewe ni bahasha.

Kwa wale ambao si waandishi, nieleze kidogo. Ofisi fulani ina jambo inataka litoke gazetini. Inaita waandishi hotelini. Mnakunywa chai na sambusa, mnasikiliza hotuba, mnauliza maswali mawili matatu. Mkimaliza, anapita mtu na karatasi ya mahudhurio. Unaandika jina, chombo chako, namba ya simu, unasaini, unapewa bahasha. Ndani kuna "nauli". Nauli hiyo inaweza kukutoa Posta mpaka Mbagala na kukurudisha hata mara kumi, lakini jina lake ni nauli. Wengine wanaiita mshiko. Neno rushwa halitamkwi pale hata kwa bahati mbaya.

Ya kwanza niliipokea nikiwa sijamaliza mwaka kazini. Mkono ulitetemeka. Niliitumbukiza kwenye begi bila kuifungua, nikapanda daladala naona kama kila abiria anajua kilichomo. Niliifungua usiku, mlango nimeufunga: noti mbili za elfu kumi. Sikulala vizuri. Ya pili niliifungua ndani ya daladala. Ya kumi niliifungua pale pale kwenye korido ya hoteli huku naongea na simu, na nilikasirika kwa sababu ndani kulikuwa na noti moja tu.

Nilikasirika! Mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya kupokea, miezi michache baadaye anaona ameonewa kwa sababu amepokea kidogo. Nimejiuliza ni siku gani nilikaa chini nikaamua kuwa mwandishi wa bahasha. Nimeitafuta siku hiyo siioni. Haipo.

Hata hivyo si korido ile iliyonikosesha raha wiki hizi tatu. Ni mama mmoja.

Miezi kadhaa iliyopita tulipelekwa kwenye uzinduzi wa kisima kirefu na kioski cha maji, pembezoni mwa jiji. Hotuba zikasomwa, utepe ukakatwa, makofi. Mimi nikajitenga kidogo, nikaongea na wakazi. Mama mmoja wa makamo akanieleza bila kuficha: maji yana chumvi, hayafai hata kupikia chai, na kioski kwa siku nyingi kinafunguliwa saa mbili tu, kwa hiyo wanarudi kwenye madumu ya mkokoteni. Wengine wawili wakasema hayo hayo. Niliandika kila kitu, kurasa tatu za daftari. Kisha bahasha ikaja, tukaondoka, nikaandika habari, ikatoka.

Baada ya wiki mbili nilipita mtaa ule kwa shughuli nyingine. Nikamkuta yule mama. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu, akanikaribisha. Ndipo akasema: "Mwanangu, habari yako tulisomewa. Ukija siku nyingine usijisumbue kuandika tunayokwambia. Utamaliza wino bure."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepata pa kujitetea.

Nilipofika nyumbani nikachukua daftari. Kurasa tatu zipo, mwandiko wangu, maneno yao. Nikachukua gazeti. Hakuna hata neno moja. Sasa hapa ndipo naomba mnielewe: hakuna aliyeniambia niyaondoe. Mhariri hakuyakata, kwa sababu hayakumfikia. Aliyenipa bahasha hakuniomba chochote. Mimi mwenyewe sikumbuki kuamua kuyaacha. Niliketi, nikaandika kama ninavyoandika siku zote, na mkono ukapita juu ya kurasa zile tatu kama dereva anavyokwepa shimo la barabarani analolijua, huku anapiga stori na kondakta.

Mkono ulikuwa umezoea.

Nikarudi kwenye vitabu vyangu vya chuo, maana tulisoma somo la maadili ya habari na nililifaulu vizuri sana. (Cheka tu ndugu yangu, una haki.) Nilikuta kwamba jambo linalonisumbua lilimsumbua Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake cha maadili kinachojulikana kama Nicomachean Ethics, anasema wema wa tabia hatuzaliwi nao, na wala hatuupati kwa kufundishwa darasani peke yake. Tunaupata kwa kutenda, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Mtu anakuwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu mara kwa mara, na jasiri kwa kutenda ushujaa. Yeye mwenyewe anaonyesha kwamba kwa Kigiriki neno la tabia na neno la mazoea yanakaribiana sana: êthos na ethos. Kinachotofautiana ni urefu wa irabu ya kwanza tu.

Watu wengi wanaishia hapo, wanasema Mzee Aristotle katuhimiza kutenda mema. Lakini upande wa pili ndio unaouma. Anasema kujenga huko huko ndiko kunakotoa mafundi wazuri na mafundi wabaya. Anayejenga vibaya kila siku habaki pale pale alipoanza, anazidi kuwa hodari wa kujenga vibaya. Kwa hiyo mimi sikuwa nimesimama tu nikisubiri siku ya mtihani mkubwa nionyeshe uadilifu wangu. Nilikuwa chuoni. Kila bahasha ilikuwa somo, na nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Kuna kipimo chake kimoja nimekipenda kwa sababu hakikubali kudanganywa. Anasema ukitaka kujua tabia ya mtu imefika wapi, usitazame tendo peke yake, tazama linampa raha au maumivu. Anayejizuia huku anafurahi, huyo ameshakuwa na kiasi. Anayejizuia huku ananung'unika, bado. Sasa chukua kipimo hicho kwenye korido ile ya hoteli. Kilichoniuma mimi ni nini? Ni kwamba noti ilikuwa moja. Hukumu imetoka.

Na wala si mpaka twende Ugiriki. Neno letu "tabia" limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi ule ule unaobeba maana ya kupiga chapa, ndiyo maana kiwanda cha uchapaji kinaitwa matbaa. Tabia ni chapa! Mtu wa magazeti nilipaswa kulijua hilo mapema. Chapa haipigwi kwa kutamani, inapigwa kwa kugandamiza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake kikubwa cha Ihya anaeleza kwamba tabia ni hali iliyojikita ndani ya nafsi, ambayo matendo yanatoka humo kwa wepesi bila mtu kuhitaji kufikiri. Na mfano wake mmoja ni wa mtu anayetaka kuwa na mwandiko mzuri: mwanzoni anajilazimisha kuiga kazi ya mwandishi hodari, anarudia na kurudia, mpaka siku moja mwandiko mzuri unamtoka wenyewe. Kwa wepesi, bila kufikiri... ndivyo hasa nilivyoandika ile habari ya kisima.

Wahenga wetu walilimaliza kwa maneno matatu: mazoea yana taabu.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Wazee wetu walikuwa na ahadi za mwana-TANU, na mojawapo ilikuwa ya kutopokea wala kutoa rushwa. Waliikariri, na wapo wanaoikumbuka mpaka leo bila kukosea neno. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba ikatoa ripoti yake juu ya rushwa nchini, na picha iliyoonekana ni ya rushwa iliyoingia kila mahali, kuanzia anayetafuta huduma ndogo mpaka kwenye mikataba mikubwa. Nini kilitokea katikati? Majibu ni mengi, ya uchumi na ya siasa. Langu ni hili dogo: kukariri kunamfanya mtu awe hodari wa kukariri. Aristotle anawafananisha watu wa namna hii na mgonjwa anayemsikiliza daktari kwa makini, anatikisa kichwa, anakwenda nyumbani na hanywi dawa. Mimi na "A" yangu ya maadili nilikuwa mgonjwa huyo.

Najua hapa baadhi yenu, hasa wenzangu wa kazi, mmeshakunja uso. "Acha falsafa, kaka, sema njaa." Nasema. Waandishi wengi mikoani na hapa jijini hawana ajira. Wanalipwa kwa habari iliyotoka, tena kwa kuchelewa. Nauli wanajilipia. Mwenye chombo anajua fika kwamba bahasha ndiyo inayomlipia mwandishi wake, na yeye naye amezoea. Ni kweli kabisa, na anayehubiri maadili kwa waandishi bila kugusa malipo anatwanga maji kwenye kinu. Lakini njaa inaeleza bahasha ya kwanza. Haielezi kwa nini niliziruka kurasa tatu. Yule mama asingenipunguzia hata senti moja kama ningeweka sentensi yake moja mwishoni mwa habari.

Halafu kuna hoja nzito zaidi, na hii iliniumiza kichwa kweli. Kama wema ni mazoea tu, una thamani gani? Kant, yule Mjerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba wema usielezwe kuwa ni mazoea tupu, kwa sababu mazoea yasiyotoka kwenye kanuni uliyoifikiri na kuikubali ni kama mashine: mazingira yakibadilika, nayo yanakwama. (Inasimuliwa kwamba Kant mwenyewe alikuwa anatoka matembezi kwa saa maalum kiasi kwamba majirani walirekebisha saa zao kwa kumtazama. Mazoea hayo!)

Hannah Arendt aliipeleka hoja hiyo mbali zaidi. Mwaka 1961 alikwenda Jerusalem kuripoti kesi ya Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyepanga usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa. Kilichomshtua ni jinsi mtu yule alivyokuwa wa kawaida, mtu wa utaratibu, anayetimiza wajibu wake ofisini. Baadaye akaandika kwamba katika Ujerumani ya wakati ule, watu wenye heshima waliozoea kushika kanuni ndio waliobadilisha kanuni kwa urahisi. Walikuwa wamezoea kushika kanuni, basi zilipoletwa nyingine wakazishika hizo. Waliokataa ni wale wenye desturi ya kujiuliza: nikishafanya hili, nitaweza kuishi na nafsi yangu?

Nilikaa na hoja hiyo siku nyingi. Mwishowe nikaona kitu ambacho ndicho hasa ninachotaka kuwaambia leo. Hata kujiuliza ni mazoea. Wale waliokataa hawakuanza kujiuliza siku ile hatari ilipobisha hodi. Walikuwa wanajiuliza miaka yote, katika mambo madogo ambayo hakuna aliyewaona. Mtu asiyejiuliza juu ya noti mbili za elfu kumi hatajiuliza juu ya milioni mbili. Hatakuwa amekataa kujiuliza, hatakuwa na swali lenyewe. Mimi kilichokufa ndani yangu kati ya bahasha ya kwanza na ya kumi ni ule mtetemeko wa mkono. Nilidhani ni woga wa mtoto, nikafurahi ulipoisha. Kumbe lile ndilo lilikuwa swali.

Kwa hiyo mazoea ni ya aina mbili. Yapo yanayokulaza na yapo yanayokuamsha. Kazi ya maadili si kuchagua kati ya mazoea na kufikiri. Ni kuzoea kufikiri pale ambapo mkono unataka kwenda wenyewe.

Swali: mtu aliyekwisha lala anaanzaje?

William James, mwanasaikolojia na mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu chake cha saikolojia cha mwaka 1890, anasema anza kwa nguvu, jifunge mbele za watu, na usiruhusu hata mara moja uvunje mpaka tabia mpya ishike mizizi. Anamcheka mlevi anayesema kila mara kwamba "hii ya leo haihesabiwi". Wewe unaweza usiihesabu, anasema, lakini ndani ya mishipa yako ya fahamu inahesabiwa. Pia anasema ikifika miaka 30 tabia ya watu wengi inakuwa imeganda kama plasta. Mimi nina 28. Jamani, nimebakiwa na miaka miwili!

Bahati nzuri wapo waliopima. Phillippa Lally na wenzake wa London walitoa utafiti, uliochapishwa mwaka 2010, wa watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya ndogo, kama kunywa maji au kutembea kila siku. Ilichukua wastani wa siku 66, lakini tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 mpaka 254. Kwa hiyo zile siku 21 tunazohubiriwa kwenye semina ni hadithi. Na walikuta kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote. Hapo hakulingani sana na James, na mimi nashukuru, kwa sababu nitakayowaambia sasa hivi.

Jambo jingine ni mazingira. Mnakumbuka mifuko ya rambo? Tulisema bila rambo hakuna kwenda sokoni. Juni 1, 2019 ikapigwa marufuku. Wiki za kwanza tulibeba mifuko mbadala kwa kuogopa faini. Sasa watu wengi wanatoka nyumbani na kikapu au mfuko bila kuwaza faini. Woga ulianzisha, kurudia kukaendeleza. Aristotle anasema ndiyo kazi ya watunga sheria, kuwazoesha raia mema. Basi hata kwenye vyumba vya habari: mhariri akitoa nauli halisi asubuhi, mwandishi ataenda kwenye mkutano na sababu moja pungufu ya kunyoosha mkono. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nauli ya daladala ni ufa mdogo sana.

Mimi nimeanza hivi. Naweka nauli yangu kwenye mfuko wa shati kabla sijatoka nyumbani. Karatasi ya mahudhurio nasaini, ikija bahasha nasema "ahsante, nauli ninayo". Na kabla sijatuma habari nafungua daftari, najiuliza: nani aliongea na mimi ambaye hayumo humu?

Siku ya kwanza kukataa, mkono ulitetemeka. Ule ule mtetemeko! Nilifurahi kuuona kama mtu aliyekutana na rafiki aliyedhani amefariki. Rafiki yangu mmoja aliyekaa kiti cha pembeni hakufurahi. "Kaka, unajifanya mtakatifu? Unatuharibia." Sikuwa na jibu. Ana watoto wawili na hana mkataba. Tangu hapo kuna mikutano siambiwi.

Nimekataa mara tisa. Mara moja nimepokea. Ilikuwa mwisho wa mwezi, mwenye nyumba alishagonga mara mbili. Sisemi kwamba haihesabiwi. Nimeihesabu, ndiyo maana naiandika hapa mbele yenu. Kama James anataka nijifunge mbele za watu, basi watu ni nyinyi.

Na kwa yule mama nimerudi. Nikaandika upya habari ya kisima, safari hii na kurasa zile tatu. Imetoka ukurasa wa ndani, chini, fupi. Nilimpelekea nakala. Akaitazama, akaikunja vizuri, akaniletea kikombe cha chai. Nikaionja.

Ilikuwa na chumvi.

Nikaimaliza yote. Sasa niambieni na nyinyi, walimu, mapolisi, manesi, makarani, mafundi: bahasha yako wewe inaitwaje, na mkono wako uliacha kutetemeka lini?

Naomba kutoa hoja.